Bonasi Si Zawadi: Historia ya Maneno ya Pesa Kutoka Ikonge

Wacha tuanze na neno ambalo mtoto wa Ikonge analijua kabla hajajua kuandika jina lake: bonasi. Oktoba ikifika huku Nyamira, huhitaji kalenda. Duka la mabati limejaa watu, fundi wa nguo anakataa kazi mpya, karo iliyokwama tangu Mei inalipwa siku moja. Kuna mzee mmoja au wawili wanapotea siku tatu na hakuna mtu anauliza wako wapi, tunajua. Bonasi imeingia.

Sasa maoni yangu ni haya, na najua kuna watu watakasirika: hilo neno limetudanganya kwa muda mrefu sana. Bonasi ni kitu cha ziada. Ni kama mkubwa wako kazini amefurahi, akakuongezea kitu kidogo Desemba ukanunue soda. Lakini pesa za Oktoba si za ziada. Ni bei ya majani ambayo mama yako aliamka saa kumi na moja kuchuna, akabeba mgongoni, akapima, akapewa risiti. Jina rasmi la hizo pesa kwenye vitabu vya kiwanda ni malipo ya pili. Pili, ndugu yangu. Maana yake ya kwanza hayakukamilika.

Na hapo ndipo nataka twende leo. Nimeona video nyingi za kufundisha vijana maneno ya benki na uwekezaji. Riba ni hiki, hisa ni kile, dhamana ni hivi. Unamaliza kutazama, unapiga laiki, kesho umesahau. Mimi nadhani hayo maneno hayakai kichwani kwa sababu tunayasoma kama kamusi, na kumbe kila moja lilifika hapa kwa njia fulani, mwaka fulani, na kuna mtu aliumia ndipo likaeleweka. Ukijua nani aliumia, hutasahau maana. Kwa hivyo shika swali moja ulibebe hadi mwisho: mambo yakiharibika, nani anabeba hasara?

Kabla ya pesa kulikuwa na ng'ombe

Abagusii walikuwa na mtaji kabla ya kuona sarafu yoyote. Ulikuwa na miguu minne. Ng'ombe alizaa, kwa hivyo mali iliongezeka. Alitoa maziwa, kwa hivyo ulikula faida bila kugusa mtaji. Alilipa mahari. Ng'ombe walilindwa na vijana katika kambi zilizoitwa ebisarate, hadi utawala wa Waingereza ulipozivunja mapema miaka ya 1910.

Usidhani hayo ni mambo ya watu wa kale wa Kisii pekee. Warumi wa zamani waliita pesa pecunia, na neno hilo linatoka kwa pecus, yaani mifugo. Dunia nzima ilianza benki kwa zizi.

Kwa zizi, swali letu lina jibu rahisi. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa, hasara ni yako na unaiona kwa macho. Hakuna maandishi madogo chini ya ukurasa. Ugumu ulianza mali ilipogeuka kuwa maneno.

Kodi, pesa, na bei ya pesa

Waingereza walianza kutoza kodi ya nyumba kwenye koloni mwaka 1901. Huku kwetu walichelewa kidogo. Kituo chao cha Kisii kilianzishwa 1907, na Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki afisa wao, Northcote. Majibu yake yalikuwa vijiji kuchomwa na ng'ombe kuchukuliwa. Baada ya hapo kodi ilikuja, na ilitakiwa kwa sarafu.

Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kwanza ya pesa kwa wazee wetu wengi: kitu unachotafuta ili usisumbuliwe. Hawakuitafuta kwa sababu ya kununua, walikuwa na chakula. Waliitafuta kwa sababu serikali haikutaka wimbi. Vijana wakaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mbali ili warudi na rupia. Hata neno letu la Ekegusii la pesa, chibesa, ni neno la Kiswahili "pesa" limevaa nguo za Kigusii, na hilo la Kiswahili lenyewe lilitoka India, kwa sarafu ndogo ya paisa iliyokuwa sehemu ya rupia. Kwa hivyo neno lilisafiri kutoka India hadi Mombasa, likapanda mlima hadi Nyamira, likafika likiwa limeshikana mkono na mtoza kodi.

Halafu ikatokea kitu ambacho kinaeleza neno "kiwango cha ubadilishaji" kuliko kitabu chochote. Rupia ilikuwa inahesabiwa kuwa sawa na shilingi 1 na peni 4 za Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza bei ya madini ya fedha ilipanda, na rupia ilikuwa ya fedha. Mwaka 1920 serikali ikaamua rupia iwe sawa na shilingi 2. Fanya hesabu: kutoka peni 16 hadi peni 24. Setla aliyekuwa amekopa rupia benki na anauza mazao yake London kwa pauni, deni lake lilikua kwa nusu nzima usiku mmoja bila yeye kukopa hata senti zaidi. Mwaka uliofuata shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi.

Masetla walifanya nini na hasara hiyo? Mwaka 1921 waliamua kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Na wakati huohuo kodi ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Hasira hiyo ndiyo ilimpa Harry Thuku wafuasi Nairobi, hadi akakamatwa Machi 1922 na watu wakapigwa risasi wakidai aachiliwe.

Uliza swali letu. Nani alikopa? Setla. Nani alibeba hasara? Kijana aliyetoka kijijini kutafuta kodi, ambaye hakuwahi kuingia benki maishani mwake.

Na usifikiri hiyo ni hadithi iliyokufa. Chai yetu inauzwa kwenye mnada wa Mombasa kwa dola za Marekani. Shilingi ikiyumba, bei ya majani ya Ikonge inayumba pia, hata kama mvua ilikuwa nzuri na hakuna mtu alilala shambani. Shosho hajawahi kushika dola, lakini dola inamshika.

Mkopo, dhamana, na mdhamini

Benki zilikuwa nchini kitambo. National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896, mwaka ambao ujenzi wa reli ulianza. Hiyo benki ilibadilisha majina na wenyewe, hadi 1970 serikali ya Kenya ikachukua asilimia 60 na ikaitwa Kenya Commercial Bank, ile KCB unaijua. Lakini kwa miongo mingi Mwafrika alikuwa anaipita tu nje.

Kulikuwa na sheria kabisa. Serikali ya koloni ilikuwa na sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika, iliyoandikwa upya mwaka 1948. Mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila idhini ya serikali, hangeweza kumdai mahakamani. Walisema ni kumlinda Mwafrika asizame kwa madeni. Matokeo yake ni kwamba hakuna aliyetaka kumkopesha. Kinga ikageuka ukuta.

Ndipo 1954 ukaja mpango wa Swynnerton. Ulisema Mwafrika alime mazao ya biashara, ardhi ipimwe, na kila mtu apewe hati yake. Sababu moja iliyotajwa ilikuwa mkopo: ukiwa na hati ya shamba, benki ina kitu cha kushika. Hapo neno "dhamana" likafika kijijini na miguu miwili. Dhamana ni ahadi yenye meno. Unasema, nisipolipa, chukua hiki.

Kwa Omogusii, ambaye shamba lina makaburi ya babu zake, hilo si jambo dogo. Kabla ya hati, hakuna mtu angeweza kupoteza shamba la ukoo kwa sababu ya biashara ya duka iliyoanguka. Baada ya hati, aliweza. Hati ileile inayokulinda na jirani mwenye tamaa ndiyo inayokufungulia mlango wa mnada. Siku hizi kuna kinga moja ambayo kila kijana anafaa kumwambia mama yake: tangu Sheria ya Ardhi ya 2012, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke. Mzee akikopa kwa siri kwa kutumia boma, hiyo rehani ina shida kisheria.

Dhamana ina ndugu anayeitwa mdhamini, na huyu ndiye hatari zaidi kwa watu wa umri wetu. Kwa sacco nyingi unaweza kukopa mara tatu ya akiba yako, mradi wenzako watie sahihi. Msee wako anakuja na fomu, anakwambia, "Ni sahihi tu." Hapana. Mdhamini si shahidi. Mdhamini ni mkopaji wa pili aliyekaa nyuma ya gari. Dereva akiruka nje, usukani ni wako. Akiacha kulipa, watakata akiba yako.

Jinsi malipo ya pili yalivyogeuka zawadi

Kisii ilikuwa kati ya sehemu za kwanza ambapo Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930, pamoja na Meru na Embu. Kabla ya hapo kahawa ilikuwa ya masetla. Chifu Musa Nyandusi alikuwa mmoja wa waliotangulia kuipanda huku. Na kahawa haiuzwi na mtu mmoja mwenye debe moja, kwa hivyo vikaja vyama vya ushirika. Wazo halikuwa geni. Abagusii walikuwa na risaga, kazi ya pamoja ambapo leo tunalima kwako, kesho kwangu. Ushirika ni risaga iliyoandikwa kwenye daftari. Wakulima hata walipata benki yao: Co-operative Bank ilisajiliwa 1965 na ikafungua milango 1968.

Chai ya wakulima wadogo ilipangwa kivyake. Mwaka 1960 serikali iliunda shirika la kuisimamia, na 1964 likawa KTDA. Shirika lilitoa miche, likakusanya majani, likasaga, likauza. Mkulima hakuwa na pesa ya kujenga kiwanda, na kiwanda hakikuwa na pesa ya kulipa majani yote kabla ya chai kuuzwa. Suluhisho likawa kulipa mara mbili. Kila mwezi unapata kiasi fulani kwa kilo. Mwaka wa hesabu unafungwa mwisho wa Juni, kiwanda kinatoa gharama zake zote, na kinachobaki kinagawiwa kulingana na kilo ulizoleta.

Hebu tuone kwa namba za mfano tu. Shosho amepeleka kilo 4,000 kwa mwaka. Kila mwezi analipwa shilingi 25 kwa kilo, jumla 100,000. Oktoba kiwanda kinatangaza shilingi 20 kwa kilo, anapata 80,000. Mtaa wote unasema shosho amepewa bonasi ya elfu themanini. Ukweli ni kwamba shosho aliuza majani kwa shilingi 45 kwa kilo, na shilingi 20 kati ya hizo amelipwa akiwa amengoja. Majani aliyochuna Julai mwaka jana, salio lake limefika Oktoba mwaka huu. Miezi 15.

Sasa angalia hii. Februari shosho ana shida ya karo. Anachukua mkopo wa 60,000 atakaolipa bonasi ikiingia. Tuseme riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi, kwa hesabu ya mkopo wote. Hadi Oktoba ni miezi minane. Riba ni 7,200. Kwa miezi hiyo minane, shosho ameidai kampuni bei ya majani yake bila riba, na papo hapo amekopa kwa riba ili angojee. Mkono mmoja anakopesha bure, mkono wa pili anakopa kwa bei.

Niwe mkweli, kuna sababu ya kungoja. Chai ikiwa haijauzwa, hakuna anayejua bei kamili. Kiwanda kikilipa yote mapema halafu mnada uanguke, kitakopa, na hilo deni litarudi kwa mkulima huyohuyo. Sipingi malipo mara mbili. Napinga jina. Ukiita salio lako zawadi, utashukuru likiwa kubwa na utanyamaza likiwa dogo. Mtu hadai zawadi. Mtu anadai deni. Na kila mwaka wakulima wa Nyamira na Kisii wanapolinganisha malipo yao na yale ya Kirinyaga au Murang'a na kuona pengo, swali la kuuliza si "mbona wametupa bonasi ndogo?" Swali ni: chai yetu iliuzwa bei gani, gharama zilikuwa gani, na kila shilingi iliyokatwa ilienda wapi?

Hisa, gawio, na akiba

Una haki ya kuuliza hivyo kwa sababu ya neno linalofuata. KTDA ilibinafsishwa mwaka 2000, na viwanda ni kampuni zinazomilikiwa na wakulima. Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore: hizo ni kampuni zenye wenye hisa, na wenye hisa ni watu wenye gamubuti na kikapu.

Hisa ni neno la Kiarabu la fungu. Ukiwa na hisa, una fungu la kampuni: sauti kwenye mkutano, na fungu la faida likitangazwa. Hilo fungu la faida ndilo gawio. Kwa hivyo mkulima wa chai anaweza kupata vitu viwili tofauti: malipo ya pili kwa sababu aliuza majani, na gawio kwa sababu anamiliki. Anayechuna kilo nyingi anapata malipo ya pili mengi hata kama hisa zake ni chache. Ukichanganya hayo mawili, hutajua kama umelipwa kama muuzaji au kama mwenye mali.

Kwenye sacco mchanganyiko ni mbaya zaidi. Watu wanasema "nimeweka hisa" kumaanisha kila kitu wanachokatwa. Kuna hisa za mtaji na kuna akiba. Akiba unarudishiwa ukitoka, ikitolewa madeni yako. Hisa za mtaji hazirudishwi, unamuuzia au kumhamishia mwanachama mwingine. Kabla hujajiunga, uliza ni ngapi inaenda wapi.

Halafu kuna hisa za soko. Soko la hisa la Nairobi lilianza 1954, na Waafrika hawakuruhusiwa kufanya biashara pale hadi wakati wa uhuru. Kwa hivyo wazazi wetu hawakuwa na wa kuwarithisha ujuzi huo. Somo lilikuja kwa haraka 2008, Safaricom ilipouza hisa kwa shilingi 5 kila moja. Zaidi ya watu 800,000 waliomba. Kuna waliouza ng'ombe. Kuna waliokopa benki. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, kwa hivyo mtu alipata sehemu ndogo ya alichoomba, na riba ya mkopo ilihesabiwa yote. Bei ilipanda siku ya kwanza, halafu kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya shilingi 5. Wengi waliuza kwa hasara. Mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilivuka shilingi 40.

Watu wanasimulia hiyo kama hadithi ya uvumilivu. Mimi naiona kama hadithi ya tarehe. Hisa haina tarehe, inaweza kungoja miaka 13. Mkopo una tarehe, mwezi ukiisha unabisha mlango. Ukinunua kisicho na tarehe kwa pesa yenye tarehe, utalazimika kuuza wakati mbaya. Aliyevumilia hakuwa na roho ngumu kukushinda. Hakuwa na deni.

Na kuna wale ambao walitaka hisa bila kampuni. Mwaka 2006 na 2007 DECI na wenzake walizunguka nchi, wakitumia lugha ya maombi na maendeleo, wakiahidi kuzidisha pesa. Kikosi kazi cha serikali baadaye kilikuta Wakenya walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 kwenye michezo hiyo. Maneno yao yalikuwa mazuri: uwekezaji, mavuno, mbegu. Lakini ukiuliza "faida inatoka kwa kazi gani?", hakukuwa na kiwanda, hakukuwa na majani, hakukuwa na ng'ombe. Kulikuwa na pesa ya anayefuata kwenye foleni.

Riba na mjomba wake, ada

Riba ni kodi ya nyumba, ila nyumba ni pesa. Kila mtu anaelewa. Shida ni kwamba riba ina mjomba anayeitwa ada, na wanabadilishana makoti.

M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, mkopo wa siku 30 ulikuwa na ada ya asilimia 7.5. Kwa shilingi 1,000 unalipa 75. Inaonekana pesa ya chapati. Lakini ni ya mwezi mmoja. Ukikopa hivyo kila mwezi kwa mwaka, umelipa 900 kwa matumizi ya elfu moja. Asilimia 90. Mkopo wa benki wa asilimia 14 kwa mwaka unasikika mkubwa kuliko ada ya 7.5, na kumbe ni mdogo mara sita. Ndiyo maana mtu akikutajia namba, usiulize "ni ngapi?" Uliza "ni ngapi kwa muda gani, na jumla narudisha shilingi ngapi?"

Bunge lilijaribu kukata huo mti. Septemba 2016 riba za benki ziliwekewa kikomo, asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Watu tulishangilia. Benki zikajibu kwa kunyima watu wadogo mikopo, zikapeleka pesa kwa serikali kupitia hati za Hazina, ambako hakuna wasiwasi. Wadogo wakakimbilia programu za simu, ambako kikomo hakikufika. Novemba 2019 sheria ikaondolewa. Ile ya 1948 na ile ya 2016 zina miaka karibu 70 kati yao na zilifunza somo moja: ukimlinda mkopaji bila kumpa pengine pa kukopa, umemsukuma dirishani.

Na hizo hati za Hazina ni upande wa pili wa meza. Bondi ni mkopo, lakini safari hii wewe ndiye unakopesha, na anayekopa ni serikali. Kwa kawaida unahitaji kuanzia shilingi 50,000. Mwaka 2017 serikali ilijaribu M-Akiba, bondi ya kununua kwa simu kuanzia shilingi 3,000, riba asilimia 10 kwa mwaka. Kwa mara ya kwanza mtu wa bodaboda angeweza kuwa mkopeshaji wa serikali. Tulizoea kudaiwa, hatukuwa tumezoea kudai.

Amana si amana

Nimeacha neno gumu mwisho. Kwa Kiswahili, amana ni kitu nimekupa unitunzie. Hukitumii. Nikirudi nakikuta kilekile. Wazee waliheshimu sana hilo neno, kula amana ilikuwa aibu kubwa.

Benki inaita pesa zako amana. Lakini kisheria, tangu mahakama za Uingereza ziamue hivyo mwaka 1848, pesa ukishaweka benki si yako tena. Ni ya benki, na wewe unaidai. Wanaikopesha watu wengine, ndiyo biashara yao. Hakuna ubaya, ila ujue: ukiweka pesa benki, umeikopesha benki.

Wakenya walijifunza hilo Oktoba 2015 Imperial Bank ilipofungwa, na tena Aprili 2016 kwa Chase Bank. Watu waliamka, kadi haitoi kitu. Biashara zilikwama, na kuna waliongoja miaka. Ndiyo sababu kuna bima ya amana. Tangu Julai 2020, benki ikianguka unalindwa hadi shilingi 500,000. Kabla ya hapo ilikuwa 100,000. Kinga hiyo ni ya benki. Sacco haimo. Chama cha kina mama haimo. Pesa ya "uwekezaji" uliyotumia msee wa Telegram, usiniulize.

Kwa hivyo rudi kwenye orodha na uone nani alibeba hasara. Deni la setla lilibebwa na kibarua. Mkopo wa dhamana unabebwa na shamba. Sahihi ya mdhamini inabebwa na rafiki. Bei mbaya ya chai inabebwa na mkulima, kwa sababu anayelipwa mwisho ndiye anakula mabaki. Benki ikianguka, anabeba mwenye akiba iliyozidi kiwango. Mara nyingi anayebeba ni yule ambaye hakusoma karatasi, na mara nyingi karatasi haikuandikwa ili asome.

Na sisi ndio tumesoma. Ukienda ushago, kabla ya Oktoba, kaa na shosho. Toa risiti zake za majani, jumlisha kilo za mwaka mzima. Bonasi ikitangazwa, zidisha. Kisha chukua karatasi ya malipo, pitia kila makato: mbolea, mkopo, hisa. Andika yale hamuelewi. Mkutano mkuu wa kiwanda ukiitishwa, mpeleke, na kama anaogopa kusimama, simama naye. Yeye ni mwenye hisa. Hajaenda kuomba.

Na akisema tena "nimepewa bonasi," mrekebishe polepole, kwa heshima. Mwambie, "Hapana, magokoro. Umelipwa."